Dakika Kumi na Tano hadi Newala

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye barazani ananiuliza mambo mawili. La kwanza, safari ya Newala ilinichukua muda gani. La pili, ule mfuko wangu uko wapi. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Huyu nimempa kichwa, yule nimempa mkia, na ninasikia wengine mmeshaniunganishia wenyewe na kunipandisha hata ndege nisiyoipanda. Basi nimeketi niandike yote mara moja. Mwenye miwani asome, asiye nayo asomewe.

Wenyeji mnanijua, lakini karatasi haichagui msomaji, kwa hiyo naanza na kazi yangu. Kwa miaka mingi nilikuwa mwangalizi wa uwanja mdogo wa ndege wa Masasi. Kazi yenyewe ilikuwa kufyeka nyasi, kufukuza mbuzi, na kutunza soksi ya upepo, lile fuko refu la kitambaa cheupe na cha rangi ya chungwa lililotundikwa kwenye mlingoti ili rubani aone upepo unatoka wapi. Soksi ikichanika na nyingine haijaletwa, tulikuwa na dawa yetu. Unawasha moto mdogo pembeni mwa uwanja, mwanzoni kabisa, unautupia majani mabichi. Unatoka moshi mweupe mzito, na rubani akiuona unakolalia anajua atue kwa upande gani. Hakuna aliyeniandikia hilo kitabuni, nililirithi kwa aliyenitangulia. Nilipostaafu nikaruhusiwa kuchukua soksi moja kuukuu, mke wangu akaishona ikawa mfuko wa safari. Ndio huo mnaouulizia.

Sasa habari ya Newala. Marehemu dada yangu Fatu aliacha binti mmoja, Somoe. Alikuwa na miaka tisa mama yake alipofariki, akalelewa Newala na Bibi Asha, dada mkubwa wa mama yetu mzazi. Likizo zote za shule Somoe alikuja kwangu Lisekese, na kutwa nzima alinifuata uwanjani kama mkia. Kabla Fatu hajafumba macho alinishika mkono akaniambia, "Huyu ni wako." Kwetu sisi msichana akiposwa, baba anaheshimiwa na anapewa kiti chake, lakini neno la mwisho ni la mjomba. Mjomba asipokuja, wageni wanarudi na neno lao kama walivyolileta.

Wageni walikuwa wameshakuja mara mbili kumposa Somoe, na mara zote mbili mimi sikufika. Mara ya kwanza ilikuwa masika, lori likazama kwenye tope chini ya mlima, nikalala ndani yake siku mbili. Mara ya pili jirani alifariki alfajiri ile ile ya safari, nami siwezi kuruka maiti ya mtu niliyekula naye nikaenda kula pilau. Sababu zote mbili ni za kweli, lakini sababu haikai kwenye kiti. Watu wa Newala walishaanza kunong'ona kwamba mjomba hamtaki kijana wa watu, ila anaona haya kusema. Mara ya tatu mjomba akinyamaza, kunyamaza kwake ndiko jibu. Wageni walisema wazi kwamba wakirudi bure safari hii hawatakuja tena.

Siku chache kabla ya hiyo mara ya tatu, mpwa wangu mwingine aliyeko Dar aliandika kwenye lile kundi la ukoo la kwenye simu. Alikuwa amepekua mtandaoni akakuta umbali wa kutoka uwanja wa Masasi hadi uwanja wa Newala, kama kilomita sitini, na muda wa ndege, dakika kumi na tano. Hakuna ndege inayouza kiti baina ya viwanja hivyo, lakini mtandao haujali hayo, unapima tu. Binti yangu Mwanahawa, mwenye hiyo simu kubwa, akanisomea. Nikacheka nikamwambia, "Waandikie Jumamosi wanisubiri uwanjani, nakuja na ndege." Akaandika, akaweka na picha ya kandege kadogo. Tukacheka sote, tukaenda kula.

Lisekese hadi stendi ya Masasi

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa njiani, kanzu mwilini, koti juu yake, mfuko begani. Ndani yake mlikuwa na kanzu ya kubadilisha, korosho alizozikaanga mke wangu, na kanga mpya ya Somoe. Wageni walitakiwa kuketi saa nne. Nilihesabu kwamba saa tatu nitakuwa nimeshanawa uso kwa Bibi Asha.

Njia nzima hadi mjini nilikuwa nikiyapanga maneno yangu, kwa sababu mjomba hasemi ovyo. Nilipita mbele ya mlango wa jirani yetu mwenye sola, ambako simu yangu ya kitochi ilikuwa inachajiwa tangu jana, nikiwa nimefika kwenye sentensi nzuri sana inayohusu ukoo wetu. Sentensi ile niliipata. Simu niliiacha.

Stendi nilikuta magari ya Newala hayapo. Kulikuwa na msiba mkubwa upande wa Nachingwea, na wenye msiba walikodi magari yote usiku ule. Mpiga debe mmoja akaniambia nisubiri, saa nne hivi litatokea moja. Nikamwambia saa nne ndiyo saa ninayotakiwa kuwa nimeketi. Akanitazama kwa huruma akaniuzia kahawa.

Nilikuwa nimemaliza kikombe cha pili lilipopita gari dogo la mizigo limejaa mabenchi mapya. Dereva alikuwa kijana mtu mzima anayeitwa Elias, na pembeni yake alikaa mama mnene wa makamo mwenye kitambaa cha kwaya kichwani. Nikauliza wanakwenda wapi.

"Shikamoo mzee. Tunakwenda Newala, ila tunapitia Lulindi kushusha mabenchi ya kanisa."

"Marahaba," nikasema, na tayari mguu mmoja ulikuwa juu.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lilikuwa langu. Nilimuuliza gari linakwenda wapi. Sikumuuliza linakwenda lini.

Masasi hadi Lulindi

Nilikaa juu ya mabenchi, Mwislamu mzima na kanzu yangu, kwenye viti vya kanisa, nikiutazama mji ukibaki nyuma na yale majabali yake. Asubuhi ilikuwa ya baridi nzuri ya mwezi wa saba. Mashambani watu walikuwa wakipulizia mikorosho dawa ya salfa, na vumbi lake la njano lilitufuata barabarani. Nilipiga chafya hadi Lulindi, lakini nilikuwa na furaha. Gari lilikuwa linakwenda, na mtu anayekwenda huwa anaamini anafika.

Lulindi tulipokelewa kwa vigelegele. Wazee wa kanisa walikuja kuyatazama mabenchi, wakayapapasa, wakayakalia. Mmoja akakalia moja lililoyumba. Akaniangalia mimi.

"Fundi, hili mguu wake vipi?"

Nikasema mimi si fundi. Akacheka, akawaambia wenzake kwamba mafundi wazuri ndivyo walivyo, hawajisifu. Nikarudia kwamba mimi ni abiria tu. Wakasema ndiyo, ndiyo, na wakaniletea nyundo. Nifanye nini? Mtu amekupakia kwenye gari bure, amekuita fundi mbele ya watu, na benchi linayumba kweli. Nikavua koti, nikachonga kabari ya mti, nikaigongelea. Benchi likatulia. Wakaleta la pili.

Nilipomaliza la tatu chakula kilikuwa tayari, ugali wa muhogo, mbaazi za nazi na samaki mkavu. Sijui kama ni njaa au ni mkono wa mpishi, lakini mbaazi zile sijapata kuzila tena tangu siku hiyo, na mke wangu akisoma hapa anisamehe. Katikati ya tonge nikamwona Elias amevua viatu, amejilaza kwenye mkeka.

"Mwanangu," nikamwita, "Newala tunaondoka saa ngapi?"

"Kesho mzee, baada ya ibada."

Nikalirudisha tonge kwenye sahani. Yule mama wa kwaya, ambaye wote walimwita Mama Agnes, akaniuliza nina nini. Nikamweleza yote, posa, mara mbili zilizopita, wageni, saa nne. Ilikuwa imeshapita saa nne na nusu. Mama Agnes ni Mmakua, na Wamakua nao mjomba wanamjua. Aliniangalia kama mtu aliyeacha nyumba inaungua akaenda kununua chumvi.

"Wewe ndiye mjomba?"

"Ndiye mimi."

"Mjomba mwenyewe umekaa hapa unatugongea mabenchi?"

"Mliniambia mimi ni fundi."

Alisimama, akaita kwa sauti ile ya kwaya inayofika hadi ng'ambo, na kabla sijanawa mkono bodaboda ilikuwa mlangoni. Akanifungia mbaazi zilizobaki kwenye kopo akaliingiza mwenyewe kwenye mfuko wangu. Akaniambia nimsalimie bibi harusi, na nisikubali kukalia benchi lolote njiani.

Lulindi hadi Chiungutwa

Dereva wa bodaboda alikuwa Bwana Issa, mtu wa miaka hamsini hivi, mpole, mwenye kofia ya sufu. Nilipomwona umri wake nikafurahi kwamba huyu hataniua. Baada ya nusu saa nikaanza kutamani angalau ajaribu.

Bwana Issa alikwenda mwendo wa watu waliobeba mgonjwa kitandani. Kila kilima alishuka, akaigusa injini kwa kiganja, akasema inapumua. Kila mteremko alizima akaachia pikipiki iteremke yenyewe. Baiskeli zilitupita. Mama mmoja aliyebeba kuni kichwani alitupita, kisha akasimama kumsalimia mtu, tukampita, akatupita tena.

"Bwana Issa," nikasema, "mimi nina haraka kidogo."

"Najua, Mama Agnes kaniambia. Lakini tangu nianze kazi hii sijawahi kumwaga abiria. Haraka haraka haina baraka, kaka."

Methali hiyo, nadhani, ilitungwa na mtu asiyekuwa na mahali pa kwenda. Lakini nilinyamaza, maana ukiwa mgongoni kwa mtu adabu ni lazima. Tulikatiza njia za miguu, tukapita katikati ya mikorosho iliyofungamana juu yetu. Chini yake mlikuwa na kivuli na ubaridi, na harufu ya maua yaliyoanza kuchanua. Kama si wageni wale ningemwambia asimame nilale kidogo.

Chiungutwa tulifika saa sita na nusu. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeshalia, tukaswali haraka, kisha Bwana Issa akasema injini ina njaa, yaani yeye. Mama mmoja alikuwa anauza ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha kwa chumvi na pilipili. Tukala tumesimama. Hapo ndipo nilipopapasa mfuko wa koti nipige Newala niwaambie nakuja, nikakuta mfuko mtupu.

Bwana Issa akanipa simu yake. Nikaishika nikaitazama. Namba za watu wote ninaowapenda ziko ndani ya kile kitochi, na kichwani nina namba moja tu, ya kwangu mwenyewe. Nikajipigia. Iliita, iliita, mpaka ikakata. Jirani alikuwa ameshakwenda shamba, na simu yangu ilikuwa inalia peke yake Lisekese juu ya meza ya watu.

Nawaambia ukweli, hapo nilivunjika moyo. Niliwaona wageni wakisimama, wakikung'uta kanzu. Nilimwona Somoe amekaa ndani, ananyamaza, kama alivyonyamaza siku ya kumzika mama yake. Nikamwambia Bwana Issa kwamba huenda tumeshachelewa, arudi tu kwake, nami nitatafuta pa kulala. Akatafuna mng'oko wake mpaka mwisho.

"Wewe ulitumwa ufike mapema au ulitumwa ufike?"

"Nilitumwa nifike."

"Basi panda."

Mlimani

Barabara ya kupanda uwanda wa Newala ilikuwa kwenye matengenezo. Katikati ya mlima tukakuta foleni, malori mawili, pikipiki kadhaa, na mbele yao mama mmoja mwenye fulana ya kung'aa, ameshika bendera nyekundu. Huko juu greda lilikuwa linasukuma udongo. Nikamfuata nikamsihi. Nikamwambia mimi ni mjomba wa msichana anayeposwa.

"Hongera," akasema. "Lakini greda halina mjomba."

Ilibidi nicheke. Nikaketi kwenye jiwe karibu yake, nikafungua kopo la mbaazi na zile korosho, tukala watatu, yeye, mimi na Bwana Issa. Bendera hakuiweka chini hata mara moja. Nikamsimulia kwamba kutoka Masasi hadi Newala kwa ndege ni dakika kumi na tano, nami niko njiani tangu alfajiri. Akasema mbona basi sikupanda ndege, maana Newala leo ipo.

"Ipo nini?"

"Ndege. Kila anayeteremka kutoka Newala leo ananiambia hivyo. Watu wamejaa uwanjani tangu asubuhi, kuna mkubwa anakuja."

Habari ile ilinitia kijiba cha roho. Kwanza, niliona wivu wa kikazi. Ndege inakuja Newala, mimi mtu wa ndege maisha yangu yote sina habari. Pili, niliogopa kwamba wageni wetu nao wamekwenda kushangaa, wakitoka hapo waende zao moja kwa moja. Nikamuuliza ni mkubwa gani. Akasema hajui, ila lazima ni mkubwa kweli, kwa sababu wanaandaa na pilau.

"Wengine wana bahati," nikasema. "Mtu anakaa angani robo saa, akishuka anapewa pilau."

"Kila mtu na riziki yake, mzee wangu," akasema, akameza korosho ya mwisho, akainua bendera ya kijani.

Juu, hadi uwanja wa Newala

Ukimaliza mlima ule upepo unabadilika. Unakuwa wa baridi, na unakuja huku na kule, hautulii. Bwana Issa alifunga vifungo vyote vya koti. Sijui kama ni tambarare au ni huruma, lakini huko juu aliongeza mwendo kidogo, na kwa mara ya kwanza siku ile tulimpita mwenye baiskeli.

Tulipokaribia mji niliona moshi.

Kiangazi moshi si ajabu, kila mtu anachoma shamba. Lakini moshi wa shamba ni mweusi na unakimbia ovyo. Huu ulikuwa mweupe, mzito, unatoka sehemu moja ndogo. Nikamwambia Bwana Issa asimame. Nilitazama kwa macho ya kazi. Ulikuwa pembeni mwa uwanja, si katikati. Ulikuwa mwanzoni, upande ule ule ambao ningeuweka mimi. Anayeuwasha alikuwa anaulisha majani kidogo kidogo ili usikatike, na hakuruhusu ulipuke moto. Ile ilikuwa kazi ya mtu aliyefundishwa.

Nikajiuliza ni nani Newala anayejua kazi hii. Aliyenifundisha alikwishafariki. Mimi nami sijamfundisha mtu, isipokuwa mmoja. Nilimfundisha likizo moja soksi ilipochanika, alikuwa na miaka kumi, akanikatia majani mabichi siku nzima huku akikohoa na kucheka.

Hapo ndipo ule utani wangu wa kwenye simu uliponirudia, neno kwa neno. Wanisubiri uwanjani. Nakuja na ndege.

Mkubwa waliyekuwa wakimsubiri ni mimi.

Uwanjani

Ilikuwa saa tisa alasiri. Bwana Issa, ambaye tangu Lulindi hakuwahi kuvunja sheria yoyote, aliingia uwanjani akanyoosha katikati kabisa ya njia ya ndege. Sikumkataza, ingawa kwa miaka yote ya kazi yangu ningemfukuza na fyekeo. Upande mmoja walikuwa wageni kwenye mikeka, upande wa pili akina mama na masufuria yao, na mwisho wa uwanja moshi, na kando ya moshi mtu mmoja amesimama ameshika tawi bichi. Aliutambua mfuko wangu kabla hajaniona uso. Alitupa tawi akaja mbio.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Macho yake yalikuwa mekundu, kanga imejaa majivu. "Umelia?"

"Ni moshi."

Baadaye nilielezwa yote. Simu ya nyumbani kwa Bibi Asha husomwa na yeyote aliyepo, naye Bibi Asha husikiliza. Maneno yangu alisomewa, lakini kicheko hakisomwi. Akaamini, na kwa nini asiamini? Mwanawe kafanya kazi na ndege miaka yote. Akawatangazia wageni, wageni wakatangazia njia nzima. Saa tano walipoanza kunung'unika, Bibi Asha akawaambia twendeni tukamsubiri kule anakoshukia. Saa saba wakasimama waondoke. Ndipo Somoe alipokwenda kukata majani mabichi.

"Wewe ulijua siji na ndege," nikamwambia.

"Nilijua, mjomba."

"Sasa ukawadanganya watu wazima?"

"Sikudanganya. Waliponiuliza mbona ndege haiji, nikawaambia ndege haitui upepo ukizunguka, na leo upepo unazunguka. Si ulinifundisha wewe?" Akajifuta jicho kwa upindo wa kanga. "Nilijua hawataondoka wakati moshi unawaka. Na nilijua utakuja."

Maneno hayo mawili ya mwisho yamenikaa hadi leo. Mara mbili nimemwacha, na bado alijua nitakuja. Niliona haya, na nilifurahi, na sikuweza kuvitenganisha. Ile sentensi yangu nzuri ya ukoo iliyeyuka kichwani hapo hapo na sijaipata tena.

Mkubwa wa wageni alikuwa Mzee Nangoma, Myao mrefu mwenye ndevu nyeupe. Nikamwamkia, akaitikia. Kisha, kwa kuwa sisi Wamakonde na wao ni watani, akaitazama pikipiki ya Bwana Issa mbele hadi nyuma.

"Mmakonde, ndege yako ina magurudumu mawili?"

"La tatu liliangukia Lulindi," nikasema. Wazee wakacheka, na mimi nikaanza kupumua.

Lakini tulipokuwa tunakwenda kuketi alinishika kiwiko, akanibakiza nyuma, akaacha utani.

"Mimi nimezaliwa kwenye uwanda huu huu," akasema polepole. "Tangu saa saba nilijua hakuna ndege. Wenzangu walitaka kuondoka. Nikamtazama yule msichana. Anakata majani, anarudi, analisha moto, anakohoa, anakwenda tena. Anamtetea mjomba asiyekuwepo. Nikajiambia, huyu akiingia nyumbani kwetu, nasi tutatetewa hivyo siku ambazo hatupo. Nikawaambia ndege inakuja, kaeni."

Nilimshukuru kwa kuinamisha kichwa.

Tuliketi pale pale kwenye nyasi, hakuna aliyetaka kurudi nyumbani kwanza. Mshenga akasimama akasema wamekuja mara ya tatu, na neno lao ni lile lile. Macho yote yakanigeukia. Nilimwita Somoe, nikamuuliza mbele ya wote kama anamtaka kijana wa wageni hawa.

"Mjomba," akasema, "nimemaliza nusu ya kichaka cha watu. Bado unaniuliza?"

Nikasema neno langu. Lilikuwa fupi kuliko nilivyopanga. Nilisema mama yake aliniachia huyu, nami nimefika, na nimekubali. Bibi Asha ndiye aliyeanza vigelegele, na pilau ya mkubwa ikapakuliwa. Bwana Issa alipewa sahani ya kwanza akakaa karibu yangu, akala kwa mwendo wake. Harusi ni baada ya msimu wa korosho, inshallah. Mama Agnes amealikwa na amesema atakuja na mabenchi.

Sasa majibu yenu. Kutoka Masasi hadi Newala kwa ndege ni dakika kumi na tano, mtandao unasema kweli. Mimi niliondoka saa kumi na mbili asubuhi nikafika saa tisa alasiri, na sijutii hata dakika moja, isipokuwa benchi la tatu.

Na mfuko sikuupoteza. Asubuhi ya kurudi nilikuta nguo zangu zimekunjwa vizuri kwenye kiroba cha salfeti, na mfuko haupo. Nilipotoka nje nikauona. Somoe alikuwa ameshafumua mshono wote wa mke wangu, kitambaa kimerudi kuwa soksi, kimetundikwa juu ya mti mrefu mbele ya nyumba, kinacheza na upepo wa Newala. Nikamuuliza ni cha nini, nyumba haina uwanja. Akasema ni chako mjomba, safari nyingine usitafute moshi.